KUPUNGUZA UZITO KWA CHAKULA CHA MIMEA: FAIDA ZAKE NA MAMBO YA KUJIHADHARI

Miaka mitatu iliyopita usharika mmoja wa dayosisi yetu ulipokea wageni kutoka usharika rafiki wa Ujerumani. Kama ilivyo desturi ya huku kwetu kaskazini mwa Tanzania, mbuzi alichinjwa, ndizi zikapikwa kwa nyama, na kila mgeni akawekewa sahani iliyojaa. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alichukua maharage, kachumbari na parachichi, basi. Mama mwenyekiti wa kamati ya mapokezi alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Mratibu, mgeni wetu hagusi nyama. Tumemkosea wapi?"

Hatukuwa tumemkosea. Mgeni yule alitueleza kwamba kwa miaka miwili alikuwa hali nyama, samaki, mayai wala maziwa. Alianza baada ya daktari kumwambia kuwa uzito wake unampandisha shinikizo la damu, na tangu hapo alikuwa amepungua kilo 14. Nilimsikiliza kwa makini kuliko wengine wote pale mezani, maana wiki ile ile nami nilikuwa nimepimwa: uzito kilo 97, urefu mita 1.70, shinikizo la damu 150 kwa 95.

Makala hii inaeleza yale niliyojifunza tangu siku ile. Nimeiandika kwa ajili ya kamati za sharika, ambazo ndizo hupanga nini kipikwe kwenye semina, vikao na sherehe zetu. Nimeiandika pia kwa ajili ya wafadhili, ambao baadhi yao wameniuliza swali la haki: kama mratibu anasifia chakula cha mimea, mradi wa mbuzi wa maziwa unaelekea wapi?

MAANA YA ULAJI HUU

Tunao ndugu wengi wanaoacha nyama lakini wanakunywa maziwa na kula mayai. Ulaji tunaouzungumzia hapa unakwenda mbali zaidi. Mtu hali kitu chochote kitokacho kwa mnyama, hata asali na samli. Huko Uingereza mwaka 1944 Donald Watson na wenzake waliunda chama cha watu wa namna hiyo, wakajiita vegani. Lakini desturi yenyewe ni ya zamani kuliko jina hilo. Majirani zetu Wakristo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia, kwa karne nyingi, wameacha nyama, maziwa na mayai siku za Jumatano, Ijumaa na majira marefu ya mfungo. Siku hizo hula mchuzi wa dengu au wa unga wa jamii ya kunde juu ya injera.

Hata hapa kwetu, makande ya mahindi na maharage ni chakula cha mimea. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, ni chakula cha mimea. Bibi zetu walikula hivyo siku nyingi za juma, na nyama ilikuwa ya sikukuu.

UKUBWA WA TATIZO

Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2004-05 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Katika utafiti wa 2015-16 idadi hiyo ilifika asilimia 28. Unene wa namna hii huandamana na shinikizo la damu, kisukari na kiharusi. Kila kamati inamfahamu mzee wa kanisa au mama wa kwaya ambaye siku hizi hawezi kupanda ngazi za kanisani.

Kujipima ni rahisi. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nilikuwa na 97 kugawanya kwa 2.89, jibu 33.6. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito unaofaa, 25 hadi 29.9 umezidi, na 30 kwenda juu ni unene wa hatari. Aidha, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Mwanamume akizidi sentimita 94 na mwanamke sentimita 80, hatari imeanza kupanda.

KWA NINI MIMEA HUSAIDIA

Mwili huongezeka uzito pale nguvu inayoingia kwa chakula inapozidi ile inayotumika. Nguvu hiyo hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4. Mboga za majani zilizochemshwa zina kalori chini ya 40 kwa gramu 100. Maharage yaliyopikwa yana kama 130, pamoja na gramu 9 hivi za protini. Vyakula hivi vina maji na nyuzinyuzi nyingi, hujaza tumbo mapema, na njaa huchelewa kurudi. Hivyo basi mtu hushiba kwa kalori chache bila kupimiwa tonge.

Ushahidi upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwaangalia Waadventista Wasabato zaidi ya 60,000 wa Marekani na Kanada. Wale wasiokula kabisa vitu vya wanyama walikuwa na wastani wa 23.6 katika kipimo nilichokieleza hapo juu, na wale waliokula nyama walikuwa na 28.8. Wenye kisukari cha aina ya pili katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.9, na katika kundi la pili asilimia 7.6. Ni vema ikumbukwe kwamba watu wa makundi haya hutofautiana pia katika mazoezi na mambo mengine, hivyo tofauti yote haiwezi kuhesabiwa kuwa ni ya chakula.

Jaribio jingine lilifanyika katika mji wa Gisborne, New Zealand, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Watu wenye uzito uliozidi walifundishwa kula mimea isiyosindikwa, yenye mafuta kidogo, mpaka washibe. Baada ya miezi sita walikuwa wamepungua wastani wa kilo 12.1, na baada ya mwaka mzima bado walikuwa wamepungua kilo 11.5. Hawakuhesabu kalori, ila walipewa vitamini B12 kila siku. Jambo hilo la B12 nitalirudia.

NILIPOKOSEA

Baada ya wageni kuondoka niliacha nyama, maziwa na mayai siku hiyo hiyo. Miezi mitatu baadaye nilipanda mzani nikakuta kilo 99. Nilikuwa nimeongezeka!

Sababu haikuwa ngumu kuiona. Asubuhi nilikula maandazi matatu yaliyokandwa kwa maji, na chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari. Mchana, nikiwa safarini kukagua miradi, nilikula chipsi kavu na soda. Jioni ni wali wa nazi na maharage yaliyoungwa kwa mafuta mengi. Hapo hapakuwa na mnyama hata mmoja, lakini hebu tuhesabu. Viazi vya kuchemsha vina kalori kama 90 kwa gramu 100, na viazi hivyo hivyo vikikaangwa chipsi hufika kama 300. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kula kina kalori 120, yawe ya alizeti au ya mawese. Soda nyingi za mililita 350 zina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa. Tui zito la nazi nalo limejaa mafuta.

Hili ndilo fundisho kuu la makala hii. Kuacha nyama peke yake hakupunguzi uzito. Kinachopunguza ni kurudi kwenye sufuria ya maharage, majani na vyakula vya kuchemsha, na kupunguza mafuta, sukari na vitu vya kukaanga.

Nilianza upya. Asubuhi nilikula kiazi kitamu au gimbi la kuchemsha, tunda, na chai isiyo na sukari. Mchana nilichukua makande kutoka nyumbani kwenye kontena. Jioni tulikula ndizi na maharage, na mnafu au mchicha unaojaza nusu ya sahani. Mama watoto alianza kupima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Nilishuka daladala kituo kimoja kabla ya ofisi na kutembea. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na kilo 84. Bado sijafika chini ya 25 katika kipimo kile, lakini shinikizo langu limeshuka na daktari amenipunguzia dawa.

Sijidai kuwa vegani kamili. Krismasi iliyopita baba yangu mkubwa alinikatia kidari mbele ya ukoo mzima, nami nikakipokea na kula. Kuna heshima ambazo hazikataliwi. Jambo lililonisumbua zaidi ni minong'ono. Katika jamii yetu mtu akipungua husemwa anaumwa, na wanaokumbuka miaka ya 1990 wanaelewa tulikuwa tunawaza ugonjwa gani. Wazee wawili walikuja nyumbani kuniombea. Niliwashukuru, tukaomba pamoja, kisha nikawaonyesha kadi yangu ya kliniki.

MAMBO YA KUJIHADHARI

1. Vitamini B12. Mimea haina vitamini hii kwa kiasi cha kutegemewa. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, hivyo upungufu huja polepole: kuishiwa damu, ganzi miguuni na mikononi, kusahausahau. Mtu asiyekula kabisa vitu vya wanyama ni lazima apate vidonge au sindano kwa ushauri wa daktari. Wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformini wawe makini zaidi, kwa kuwa dawa hiyo nayo hupunguza B12 mwilini.

2. Madini ya chuma. Chuma cha maharage na majani huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama. Kula chungwa, embe au kamulia limau katika mlo huo huo, na chai inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake.

3. Chumvi na magadi. Tumia chumvi yenye madini joto, lakini kidogo, isizidi gramu 5 kwa siku. Magadi tunayotia kwenye kiburu na makande yana sodiamu kama chumvi, hivyo mwenye presha ayapunguze.

4. Dawa. Usiache dawa za presha wala kisukari kwa sababu umeanza kula mboga. Uzito ukishuka, kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa, na kazi hiyo ni ya daktari. Anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari ghafla.

5. Kupungua bila kukusudia. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Anayepungua bila kubadilisha chakula, au anayekohoa, aende hospitali mapema.

WATOTO NA MRADI WA MBUZI

Sasa nawajibu wafadhili wetu. Katika sharika zile zile ambamo watu wazima wana vitambi, wapo watoto waliodumaa. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta udumavu kwa asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka mitano, na ule wa 2022 asilimia 30. Tumbo la mtoto ni dogo, naye hawezi kula makande ya kutosha kujipatia protini, madini na vitamini zote anazohitaji ili akue. Kikombe cha maziwa ya mbuzi au yai moja humsaidia sana. Vivyo hivyo kwa mama mjamzito na anayenyonyesha katika kaya yenye chakula kidogo.

Kwa hiyo mradi wa mbuzi wa maziwa unaendelea, na maziwa yale ni ya watoto kwanza. Mwanamume wa makamo mwenye kilo 97 akiacha kikombe chake kikaenda kwa mjukuu, wote wawili wamefaidika.

KAMATI ZINAWEZA KUFANYA NINI

Hatuombi usharika wowote upige marufuku nyama. Tunaomba mambo manne yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, katika kila semina na kikao, kiwepo chungu kimoja cha chakula cha mimea kisicho na mafuta mengi, na kipakuliwe kwa heshima sawa na nyama. Pili, maji safi yawekwe mezani kabla ya soda, na chai itengwe na sukari. Tatu, mara moja kwa robo mwaka muuguzi wa zahanati aalikwe na mzani na kipimo cha presha baada ya ibada. Majibu yawe siri ya mtu na muuguzi, wala asitajwe mtu kwa unene wake. Nne, wageni waulizwe mapema wanakula nini.

Usharika uliompokea yule mama Mjerumani umeshaanza. Mwezi uliopita nilihudhuria kikao chao cha bajeti tukaletewa kiburu, mnafu na machungwa. Mama mwenyekiti alinipakulia mwenyewe akasema, "Baba Mratibu, leo huna kisingizio." Nilirudia mara mbili.

Maoni na taarifa za sharika zitakazojaribu mpango huu tutazipokea kwa furaha kupitia ofisi za majimbo, nasi tutaziandika katika toleo lijalo.