Posti Moja ya Facebook Iliyochora Upya Jimbo Zima

Mwaka 2022 sikupiga kura. Kitambulisho nilikuwa nacho, muda nilikuwa nao (chuo nilishakiacha, karo ilinishinda), na ofisi ya kujiandikisha haikuwa mbali na ploti yetu. Sikuenda tu. Mathe aliponiuliza nikampa lile jibu ambalo pengine hata wewe umewahi kulitoa: kura yangu moja itabadilisha nini?

Sikuwa peke yangu. Sajili ya mwaka huo ilikuwa na wapigakura 22,120,458. Vijana tulikuwa karibu asilimia 40 tu, na tulikuwa tumeshuka tukilinganishwa na 2017. Nchi hii imejaa vijana, lakini kwenye sajili tulikuwa wachache.

Sasa juzi, nikimalizia bando ya usiku kabla haijakatika, nikakutana na kisa cha Michigan. Hilo ni jimbo la Marekani, ndiko liliko jiji la Detroit, nyumbani kwa magari ya Ford. Kisa chenyewe kilinikosesha usingizi, kwa hivyo ngoja nikupe.

Novemba 2016, siku mbili baada ya Donald Trump kushinda urais, msichana wa miaka 27 anayeitwa Katie Fahey aliandika kitu kifupi kwenye Facebook. Hakuwa mwanasiasa wala wakili. Kazi yake ilihusu mambo ya kuchakata taka. Alisema anataka kupambana na uchoraji wa mipaka ya kura kwa hila kule Michigan, na kama kuna mtu anapenda kuungana naye amwambie. Mwisho akaweka kile kikatuni cha kutabasamu. Basi. Ni posti ambayo wewe na mimi tungeipita tukitafuta vichekesho.

Kabla sijaendelea, lazima uelewe hii hila ya mipaka, maana bila hiyo utaona watu wanapigia kelele ramani. Chukua mtaa wenye wapigakura 15 na wadi 3. Watu 9 ni wa Chama cha Chapo, 6 ni wa Chama cha Ugali. Ukihesabu kawaida, Chapo ndio wengi. Sasa mpe kalamu mtu wa Ugali achore wadi. Wadi ya kwanza anajaza watu 5 wa Chapo watupu. Wadi ya pili anaweka Chapo 2 na Ugali 3. Ya tatu vilevile, Chapo 2 na Ugali 3. Umeona? Ugali anachukua wadi 2 kati ya 3 na ana watu 6 tu. Hakuna kura iliyoibwa, hakuna sanduku lililojazwa, kila mtu amepiga kura yake kwa amani na kurudi nyumbani. Mchezo uliisha kabla ya siku ya kura.

Huko Marekani ujanja huu una umri mkubwa. Mwaka 1812, gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, aliidhinisha ramani iliyokuwa na wilaya moja iliyojikunja kunja kama mjusi, na tangu hapo jina lake limebaki kwenye neno wanalotumia kwa uchafu huo. Michigan nako, waliokuwa wakichora ramani ni wabunge wa jimbo wenyewe. Yaani mchezaji ndiye anapaka chokaa uwanja. Mwaka 2012 Democrats walipata kura nyingi zaidi katika uchaguzi wa bunge la chini la jimbo hilo, lakini Republicans wakaondoka na viti 59 kati ya 110.

Na usidhani ni tabia ya chama kimoja. Kuna majimbo ambako Democrats ndio wenye kalamu, na huko wanachora vilevile bila aibu.

Turudi kwa Katie. Watu walimjibu. Walianza na mikutano 33 ndani ya siku 33, wakiuliza wananchi wanataka ramani ichorwe vipi. Wakaandika pendekezo la kurekebisha katiba ya jimbo, kisha wakaingia barabarani na fomu. Walihitaji saini 315,654. Wakapata zaidi ya 425,000, zilizokusanywa na watu wa kujitolea wasiolipwa hata senti. Wapinzani, wakiungwa mkono na chama kikubwa cha wafanyabiashara wa jimbo, wakakimbilia kortini pendekezo lisifike kwa wananchi. Mahakama ya juu ya Michigan iliwaruhusu kwa majaji 4 dhidi ya 3. Jaji mmoja tu angegeuka, hii stori isingekuwepo. Novemba 2018 asilimia 61 ya wapigakura wakasema ndiyo.

Tangu hapo ramani huchorwa na tume ya raia 13: wanne Democrats, wanne Republicans, watano wasio na chama. Wanapatikana kwa bahati nasibu kutoka kwa watu walioomba. Mwanasiasa haruhusiwi kuomba, na mzazi wake au mtoto wake haruhusiwi pia. Hapo kwa mtoto nilicheka sana, nikifikiria kwetu.

Siku hiyohiyo walipitisha jambo lingine ambalo mimi naona linatuhusu hata zaidi. Ukienda kuchukua leseni ya kuendesha gari, unaandikishwa kuwa mpigakura moja kwa moja, isipokuwa ukatae. Na kama ulisahau kabisa, unaweza kujiandikisha siku yenyewe ya uchaguzi ukiwa na ushahidi wa unakoishi. Linganisha na sisi. Serikali imenipa kitambulisho, ina alama za vidole vyangu vyote, inajua nilipozaliwa na jina la babangu, lakini bado lazima niende ofisi nyingine nitoe vidole vilevile upya.

Mambo hayakuwa shwari yote. Desemba 2023 majaji wa shirikisho walisema tume hiyo ilitumia rangi ya watu kupita kiasi ilipochora maeneo 13 ya Detroit, yakabidi yachorwe tena. Wakazi weusi wa Detroit walikuwa wamelalamika kwamba nguvu yao imetawanywa, na walikuwa na hoja. Lakini angalia matokeo: 2022 Democrats walichukua mabunge yote mawili ya jimbo kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980, na 2024 Republicans wakarudisha bunge la chini. Sasa kiti kinaweza kupotea, na mwenye kiti analijua hilo.

Sisi tuna kitu kama chao. Kifungu cha 257 cha Katiba kinasema saini milioni moja zinaweza kuanzisha mageuzi. Ila kwetu lazima yapitie mabunge ya kaunti kwanza, na hapo ndipo Punguza Mizigo ya Ekuru Aukot ilikufa 2019 ingawa saini zilitosha. Mwaka 2020 mimi mwenyewe niliweka saini ya BBI hapo stejini. Jamaa alinipa fomu, nikaandika jina na namba ya kitambulisho, matatu ikaja, nikapanda. Sikusoma hata mstari. Ndiyo maana nikisoma kuhusu mtu aliyezunguka siku 33 kuuliza watu wanataka nini, naona haya kidogo.

Na mipaka yetu? Maeneobunge 290 na wadi 1,450 bado ni yale ya 2012. Katiba inataka yapitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Hesabu mwenyewe. IEBC ilikaa muda mrefu bila makamishna, muda ukapita. Kwa hivyo ukiishi kwenye mtaa ambao magorofa yameota kama uyoga tangu 2012, MCA wako anahudumia watu wengi kuliko ilivyopangwa, na hela za wadi mnagawana mkiwa wengi.

Juma lililopita nilienda kwa ofisi ya IEBC ya eneobunge letu. Nilibeba chaja na chapati mbili nikijua nitakaa kutwa. Mbele yangu kulikuwa na watu watatu. Karani akaniambia nipanguse vidole vizuri, mashine haipendi mafuta.