Usimwogope Mshindani Asiyechoka

Wako watu wengi waaminio kwamba kushindana na kompyuta katika mchezo wa akili ni kupoteza wakati bure. Mtambo, wasema, hauchoki, hausahau, wala haupandwi na hasira. Hayo ni kweli. Lakini kila mcheza bao aliyekomaa ajua kwamba mpinzani hodari si lazima awe mpinzani asiye na kasoro. Kazi ni kuitafuta kasoro hiyo iliko.

Tutazame sataranji. Mwaka 1968 David Levy, bingwa wa Scotland, aliweka dau na mtaalamu wa kompyuta, John McCarthy, kwamba katika muda wa miaka kumi haitatokea kompyuta ya kumshinda. Wataalamu wengine wakajiunga, hata dau likafika paundi 1,250. Muhula ulipokaribia kwisha, mwaka 1978, Levy aliketi mjini Toronto, Canada, kupambana na Chess 4.7, programu iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani.

Levy alijua kwamba programu za siku hizo zilihesabu hatua chache tu za mbele. Lililokuwa nje ya mpaka huo, kwao halikuwapo. Kwa hiyo aliepuka mapigano ya ghafla, akajenga ngome yake polepole, akangoja. Mtambo, usipoona cha kula wala cha kulinda, ulisogeza kete bila shabaha na kujidhoofisha wenyewe. Kimya kingi kina mshindo mkubwa: Levy alishinda kwa pointi 3½ dhidi ya 1½. Mchezo pekee alioshindwa, ule wa nne, ndio ambao alithubutu kuukabili mtambo kwa mapigano makali, yaani katika uwanja wake wenyewe.

Usidhani, msomaji, kwamba hila moja hudumu milele. Mwaka 1989 Levy huyo huyo alishindwa na Deep Thought michezo yote minne, na mwaka 1997 Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov. Hata hivyo, mwaka 2003 mjini New York, Kasparov alipocheza na X3D Fritz, aliufunga uwanja kwa askari waliokabana uso kwa uso. Mtambo ukabaki kupeleka kete huku na huko pasipo mpango, mpaka wasimamizi wake wakakubali kushindwa katika mchezo huo.

Mfano wa karibu zaidi watoka katika Go, mchezo wa kale wa China unaochezwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe. Mwaka 2016 AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol michezo 4 kwa 1, na wengi wakasema kwamba mambo yamekwisha. Lakini mwaka 2023 ilitangazwa kwamba Kellin Pelrine, Mmarekani ambaye si mchezaji wa kulipwa, ameishinda KataGo, programu iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake, michezo 14 kati ya 15. Alivizungusha vijiwe vya mtambo kwa duara kubwa, polepole, huku akiushughulisha pembeni. Mtambo haukuihisi hatari hata duara lilipokaribia kufungwa. Udhaifu huo watafiti walikuwa wameugundua kwa msaada wa programu nyingine.

Fundisho ni nini? Kijana wako achezapo na mtambo, asikimbilie kushindana nao kwa kasi. Na auchunguze: ni jambo gani huufanya ukose mpango? Ni kosa gani haujifunzi kuliacha?

Swali hilo halikomei kwenye mchezo. Leo mitambo ijifunzayo yenyewe yakabidhiwa kazi nzito kuliko kete na vijiwe. Mtambo waweza kushinda mara elfu pasipo kufahamu ufanyalo, na pengo lake likajulikana siku ya hasara. Ni heri pengo hilo ligunduliwe mchezoni, na mtu mwenye subira.