Mtoto akirudi na barua ya shule



Barua ya shule huletwa na mtoto mwenyewe, imekunjwa mara nne mfukoni. Inasema mzazi afike. Wengi wetu tunajua kinachofuata: hasira, fimbo, na kesho yake haya mbele ya direkta. Mwaka huu barua kama hiyo ilimfikia mama mmoja wa kikundi chetu mara tatu. Mwana wake wa miaka 11 alikuwa akipigana darasani, akikataa kuandika na kumjibu mwalimu vibaya. Mara ya tatu mama aliambiwa: kosa moja tena, mtoto anafukuzwa.

Hapa Mokambo tunajua mtoto aliyefukuzwa anaenda wapi. Anaenda mpakani, kati ya malori, kubeba mizigo ya watu. Akishaonja franga, kumrudisha darasani ni kazi ngumu. Ndiyo sababu tuliketi na mama huyu.

Tulimuuliza: anapigana siku gani, saa ngapi? Hakujua. Mwalimu pia hakujua. Basi tukamwomba mwalimu aandike katika daftari, kwa wiki mbili, mambo matatu tu: saa ya ugomvi, kilichoutangulia, na kilichofuata. Mama naye aandike ya nyumbani: mtoto alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alikula nini.

Tulipoweka madaftari mawili pamoja, jambo lilionekana. Ugomvi ulikuja Jumanne na Ijumaa. Ndizo siku mama anavuka kwenda Mufulira kununua bidhaa, anatoka alfajiri na kurudi usiku. Siku hizo mtoto alichota maji, akawaogesha wadogo wake, akafika shuleni amechelewa na tumbo tupu. Wenzake wakamcheka, naye akapiga. Akatolewa nje, na huko nje akasinzia chini ya mti. Kumbe adhabu ilimpa pumziko alilolitafuta!

Hatukumwambia mama aache biashara, maana ndiyo inayolisha nyumba. Jirani mmoja alikubali kuwapa watoto uji asubuhi ya siku hizo mbili na kubaki na wadogo. Mwalimu alimhamishia benchi la mbele, akampa kazi ya kufuta ubao, na akawa anamsifu kila anapomaliza zoezi. Akisikia hasira inapanda, anaruhusiwa kwenda kunywa maji na kurudi. Hatusemi amekuwa malaika. Mwezi uliopita alipigana mara moja. Lakini barua ya nne haijafika.

Si kila mtoto ana sababu hiyo. Mmoja hasikii vizuri, mwingine haoni ubao, mwingine amefiwa au anaona vita nyumbani kila usiku. Mwenye shida ya masikio au macho apelekwe kwanza kwenye kituo cha afya.

Wala tusimtupie mwalimu lawama zote. Tangu shule za msingi za serikali ziwe bila malipo mnamo Septemba 2019, madarasa yamejaa, na si rahisi mtu mmoja kumfuata kila mtoto. Lakini sheria ya nchi yetu ya 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka nidhamu, nyumbani na shuleni, imtendee mtoto kama binadamu. Ng'ambo kwa jirani zetu Zambia, sheria ya elimu ya 2011 inakataza kabisa kumpiga mwanafunzi. Fimbo inaweza kumnyamazisha mtoto siku moja. Haimshibishi mwenye njaa.

Barua ikija kwako, fika shuleni wiki hiyohiyo. Usimtukane mtoto mbele ya mwalimu, wala mwalimu mbele ya mtoto. Uliza siku na saa, kisha ombeni nyote wawili muda wa kuandika. Ukiona mlango umefungwa, pitia komite ya wazazi. Na usiende peke yako: mmoja wetu atakusindikiza.

Mwenye barua iliyofichwa chini ya godoro ailete kwenye mkutano wetu. Hatutaisoma kwa sauti.