Mitandao ya Neva ya Grafu na Lugha za Uluguru

1.0 Utangulizi

Uainishaji wa lugha za Kibantu umezoeleka kuchorwa kwa mfano wa mti. Hata hivyo, tangu Johannes Schmidt alipotoa nadharia ya mawimbi mwaka 1872, wanaisimu wametambua kwamba sifa za lugha huenea pia kutoka kwa jirani hadi jirani. Makala haya yanaeleza jinsi mitandao ya neva ya grafu, mojawapo ya mbinu za kujifunza kwa mashine, inavyoshughulikia uhusiano wa aina hiyo. Aidha, yanabainisha hatari inayoikabili lugha ndogo kama Kiluguru iwapo mbinu hiyo itatumiwa bila uangalifu wa kiisimu.

2.0 Dhana ya Grafu

Grafu katika maana hii si mchoro wa takwimu, bali ni mkusanyiko wa vitu pamoja na uhusiano uliopo baina yake. Mfano wake ni wavu: mafundo ni vitu, nyuzi ni uhusiano. Kiluguru husemwa katika Milima ya Uluguru. Kikami na Kikutu hupakana nacho, na Kizaramo huendelea mashariki hadi pwani kwenye Kiswahili. Guthrie alizipa lugha hizo nne za kwanza namba G35, G36, G37 na G33. Kila lugha ikichukuliwa kuwa fundo, na kila ujirani kuwa uzi, grafu imepatikana.

3.0 Utendaji Wake

Modeli ya msingi ilielezwa na Scarselli na wenzake (2009); Gilmer na wenzake (2017) waliuita utaratibu wake upelekaji wa ujumbe. Kila fundo hupewa tarakimu zinazowakilisha sifa zake. Katika kila duru, fundo hupokea tarakimu za majirani, huzijumlisha na zake, kisha hujirekebisha. Uzito wa kila ujumbe hujifunzwa kutokana na mifano. Kwa njia hiyo watafiti waliichukulia atomu kuwa fundo na kifungo cha kikemia kuwa uzi, wakagundua mwaka 2020 kwamba kemikali waliyoiita halicin huua bakteria. Katika isimu, lugha yenye data chache kama Kikami ingeweza kukadiriwa sifa zake kutokana na majirani.

4.0 Hatari ya Kufanana

Faida hiyo ina gharama. Tuchukue mfano wa kubuni uliorahisishwa, ambamo kila fundo hupata wastani wa thamani yake na za majirani wake. Mafundo yamepangwa kwa mstari: Kiluguru 12, Kikutu 12, Kizaramo 6, Kiswahili 0. Baada ya duru ya kwanza thamani huwa 12, 10, 6 na 3. Baada ya duru ya pili Kiluguru kina 11 na Kiswahili 4.5. Tofauti iliyokuwa 12 sasa ni 6.5, na duru zikiendelea mafundo yote hukaribia 7.8. Li, Han na Wu (2018) walionyesha kwamba duru nyingi mno huyafanya mafundo yasitofautishike.

Katika Morogoro ya leo tatizo huzidi, kwani Kiswahili kimeunganishwa na kila fundo kupitia shule, soko na redio. Uzi mmoja wa moja kwa moja kutoka Kiswahili hadi Kiluguru hufupisha njia ya kufanana. Mashine inaweza basi kutoa umbo linaloaminika machoni, ilhali hakuna Mluguru anayelitamka. Likiingizwa katika kamusi, kisio limegeuka data.

5.0 Hitimisho

Mashine haichagui nyuzi kwa hekima. Hutumia zile ilizopewa. Ni juu ya mwanaisimu kuamua iwapo uzi unawakilisha asili moja, ujirani au ukopaji, kwani mambo hayo matatu hayabebi ushahidi wa aina moja. Pia inafaa duru ziwe chache, na kila sifa iliyokadiriwa itiwe alama ili isichanganywe na iliyosikika kwa wasemaji. Zaidi ya yote, fundo lazima liwe na chake cha kusema kabla ya kusikiliza majirani. Uchunguzi wa Mkude (1974) kuhusu sintaksia ya Kiluguru ndio aina ya maelezo yanayolipa fundo sauti hiyo. Pasipo kazi ya uwandani huko Mgeta na Matombo, grafu itatufundisha Kiluguru kisichokuwapo.