Mgonjwa wa Kisu na Amri ya Saa Sita Usiku

"USILE wala usinywe chochote kuanzia saa sita usiku!" Nani kati yetu hajaisikia amri hii ya hospitali?

Tuseme mama wa Mkwiro, kijiji kilichoko mashariki mwa Kisiwa cha Wasini, ana mtoto wa kupasuliwa ngiri. Alfajiri wavuke kwa mashua hadi Shimoni, kisha washike matatu ya kwenda Msambweni. Zamu yao ikifika saa nane mchana, mtoto amekaa saa kumi na nne bila hata funda la maji. Midomo imekauka, analia, na mama hana la kumpa.

Amri ina sababu. Dawa ya usingizi hulegeza mwili, na kilichomo tumboni chaweza kupanda kikaingia mapafuni. Mwaka 1946, Dk. Curtis Mendelson wa New York alieleza habari za kina mama 66 waliopatwa na balaa hilo wakati wa uzazi. Wawili walikufa, wamekabwa na chakula. Hofu ikaenea.

Lakini maji si wali. Hata Joseph Lister, bingwa wa upasuaji wa Uingereza, aliandika mwaka 1883 kwamba kikombe cha chai saa mbili kabla ya dawa hufaa. Tangu 1999, mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani huruhusu maji au chai kavu hadi saa mbili kabla, maziwa ya mama saa nne, na mlo mwepesi saa sita. Mahamri na vyakula vingine vya mafuta huhitaji saa nane au zaidi. Mwaka 2022, wenzao wa Ulaya walipunguza muda wa maji kwa watoto hadi saa moja.

Mbona basi saa sita usiku haifi? Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa madaktari wengi wanaoujua mwongozo huu bado hutoa amri ile ile ya zamani. Orodha ya upasuaji hubadilika, mgonjwa wa dharura huingizwa mbele, na ni rahisi kuiambia wodi nzima neno moja. Kwa maoni yangu, urahisi huo ni wa hospitali, si wa mgonjwa.

Hata hivyo, msomaji, usijipimie mwenyewe. Mja mzito, mwenye kisukari na mgonjwa wa dharura wana hesabu yao. Na ukiwa umekula, sema. Kuahirishwa si aibu. Muulize daktari mapema: "Zamu yetu ni saa ngapi, na mtoto anywe maji mpaka lini?"