Je, wajua kwa nini mikono ya galaksi hung'aa?

Kayole, Umoja na Dandora jijini Nairobi, taa ndefu za mulika mwizi humeza karibu nyota zote. Jabari, kundinyota ambalo wanaastronomia huliita Orion, halimezwi kwa urahisi. Mapema mwezi wa Februari, kwenye saa tatu usiku, panda juu ya ghorofa penye kamba za nguo uangalie utosini: utaona nyota tatu zilizopangana mstari mmoja. Huo ndio mshipi wake, na kwa kuwa Nairobi iko karibu na ikweta, hupita karibu juu kabisa ya kichwa. Stima ikipotea mtaa mzima, kando ya mshipi utaona pia upanga wa nyota hafifu. Doa la katikati ya upanga huo ni wingu la gesi linalozaa nyota, umbali wa miaka nuru 1,350 hivi.

Wingu hilo, pamoja na Jua letu, limo ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yenye mikono iliyojipinda. Mikono ya namna hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1845, William Parsons alipoielekezea galaksi ya M51 darubini yake kubwa kule Ireland. Ikabaki kitendawili: nyota zilizo karibu na kitovu humaliza mzunguko mapema kuliko za pembeni, hivyo mikono ingekuwa imejiviringa na kupotea zamani. Mbona bado ipo?

Mwaka 1964, C. C. Lin na Frank Shu walieleza kwamba mkono ni wimbi. Itazame Jogoo Road jioni. Msongamano uko palepale karibu na City Stadium, ila magari yaliyomo si yale ya nusu saa iliyopita: matatu ya Buruburu inaingia nyuma, inajikokota, inatokea mbele. Ndivyo gesi na nyota zinavyoupitia mkono wa galaksi. Gesi ikiingia hupunguza mwendo, hubanwa na kuwa nzito.

Picha nzuri ya M51 huonyesha hatua hizo kwa mpangilio. Upande wa ndani wa mkono kuna mstari mweusi wa vumbi na gesi yenye baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Yanafuata madoa ya waridi, yaani haidrojeni inayowashwa na nyota changa zenye joto kali. Kisha vinakuja vishada vya buluu, nyota zilizokwisha kupeperusha wingu lililozizaa.

Ndani ya wingu lenyewe, ambalo laweza kuwa na uzito wa Jua mara laki moja, gesi hujikusanya kuwa nyuzi ndefu, na mafundo ya nyuzi hizo huporomoka kwa uzito wake hadi yawe nyota.

Wengi hudhani mkono unang'aa kwa kuwa nyota zimerundikana humo. Kumbe tofauti ya idadi kati ya ndani na nje ya mkono ni ndogo. Siri iko kwenye umri. Nyota kubwa, zenye mwanga mkali kupita zote, huishi miaka milioni chache tu, basi hufa kabla ya kutoka msongamanoni. Jua huchukua miaka milioni 230 hivi kuizunguka galaksi, na kwa umri wake wa miaka bilioni 4.6 limekwisha kuipita mikono mara nyingi.

Masalio ya nyota kubwa yalichunguzwa na setilaiti iliyorushwa kutoka pwani yetu. Uhuru iliruka tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, na ikagundua kwamba Centaurus X-3 hutoa mapigo ya eksirei kila sekunde 4.8. Hiyo ni nyota ya nutroni, moja ya masalio hayo, inayoizunguka nyota kubwa iliyo hai bado.

Januari 2024, picha za darubini ya James Webb za galaksi 19 zilionyesha mikono iliyojaa matundu, mengine yakiwa yametobolewa na nyota kubwa kwa upepo na milipuko yao. Gesi hutawanywa kabla haijatumika, na ni sehemu ndogo tu ya kila wingu inayogeuka nyota. Ndiyo maana Njia Nyeupe, yenye nyota zaidi ya bilioni 100, huzaa kwa mwaka nyota zenye uzito wa Jua moja au mawili tu.