Ng'ombe wa Kukopeshwa: Habari za Mikopo ya Halmashauri katika Mbulu na Hanang'

Leo twapenda kueleza habari za fedha ambazo halmashauri zetu hukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wengi wamepata kusikia jambo hili, lakini wamelisikia juu juu tu. Wako wanaodhani kwamba fedha hizo ni sadaka, na ya kuwa aliyepewa hana deni. Wako wengine wanaoziogopa, wakifikiri kwamba mwisho wake ni kunyang'anywa shamba. Mawazo hayo mawili yote hayana ukweli, na yote mawili yameleta hasara. Kwa hiyo tutaeleza fedha hizi zatoka wapi, zapatikanaje, na kwa nini yatupasa kuzirudisha.

Tuanze na desturi tunayoijua nyumbani. Tangu zamani katika nchi ya Wairaqw, na kwa Wadatoga vivyo hivyo, mtu mwenye ng'ombe wengi huwakopesha baadhi yao kwa jirani au jamaa asiye na mifugo. Aliyekopeshwa huchunga, hukama, hupata maziwa ya watoto wake na samadi ya shamba lake. Lakini ng'ombe hubaki kuwa mali ya mwenyewe. Desturi hii huwafaa wote wawili. Maskini hupata maziwa, na tajiri huokoa mali yake, maana ugonjwa ukiingia katika zizi moja hauwamalizi ng'ombe wote. Tena majirani wanajua ng'ombe yupo kwa nani. Mtu akimchinja ng'ombe wa kukopeshwa akamla, ni nani atakayempa mwingine?

Basi, mkopo wa halmashauri ni ng'ombe wa namna hiyo. Faida ya biashara ni maziwa, nayo ni ya kikundi kilichokopa. Fedha zenyewe ni ng'ombe, nazo hazina budi kurudi zizini. Tena katika jambo moja mkopo huu ni mwepesi kuliko desturi ya wazee: mwenye ng'ombe wa kukopesha hudai ndama, lakini halmashauri haidai riba. Kikundi kikikopa shilingi 5,000,000, kitarudisha shilingi 5,000,000 zile zile.

Sasa tuulize, mwenye ng'ombe ni nani? Wilaya za Mbulu na Hanang' zina halmashauri 3: Halmashauri ya Mji wa Mbulu, Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu na Halmashauri ya Wilaya ya Hanang'. Kila moja hukusanya mapato yake ya ndani, yaani fedha isiyotoka Serikali Kuu wala kwa wafadhili. Mapato hayo hutokana na ushuru wa mazao, ada za minada ya mifugo, leseni za biashara, na malipo ya vibanda vya sokoni. Lori likiondoka Mbulu na vitunguu saumu, au likitoka nyanda za Basotu na ngano, ushuru wake huingia katika mfuko huo. Mama auzaye maharage sokoni Katesh akilipa ushuru wake wa siku, naye ametia haba yake katika kibaba.

Zamani kutenga sehemu ya mapato hayo kwa ajili ya wanawake na vijana kulikuwa agizo tu, na halmashauri nyingi hazikulitimiza. Mwaka 2018 jambo hili liliwekwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, katika kifungu cha 37A. Tangu hapo kila halmashauri imelazimika kutenga sehemu 10 katika kila 100 za mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa yale yaliyokwisha kupangiwa kazi maalum. Sehemu hizo 10 hugawanywa hivi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanafunzi asomaye maneno haya aweza kufanya hesabu mwenyewe. Tuchukue mfano wa halmashauri iliyokusanya shilingi 1,000,000,000 za kuhesabiwa. Itatenga shilingi 100,000,000. Wanawake watakopeshwa shilingi 40,000,000, vijana shilingi 40,000,000, na wenye ulemavu shilingi 20,000,000. Kwa hiyo mwenye ng'ombe si mtu wa mbali. Mwenye ng'ombe ni kila mtu aliyelipa ushuru, na zizi ni la wote.

Tuangalie sasa njia ya kuupata mkopo. Kwanza watu huungana katika kikundi, wasiopungua 5, wenye kujuana na wenye shughuli moja au nia moja ya kazi. Mtu mwenye ulemavu aweza kukopa peke yake, ikiwa ana shughuli yake. Jambo hili twaomba litiwe maanani, kwa sababu katika nyumba nyingi watu hao huachwa nyuma kana kwamba hawawezi kazi, ilhali sheria imewawekea fungu lao. Pili, kikundi huandika katiba yake, huchagua viongozi, hufungua akaunti ya benki, na husajiliwa na halmashauri. Tatu, huandika andiko la mradi, yaani maelezo ya kazi watakayofanya, gharama zake, na jinsi watakavyolipa. Siku hizi maombi huingizwa katika mtandao wa kompyuta; lakini asiyejua mambo hayo asikate tamaa, maana Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kumwendea, na kuwasaidia watu kama hao ni kazi yake. Kisha maombi huchunguzwa katika kata, ambako wakopaji wanajulikana kwa sura na kwa tabia, na baadaye katika halmashauri. Wakikubaliwa hufundishwa, hutia sahihi mkataba, na fedha huingia katika akaunti ya kikundi.

Wakazi wa Mbulu mjini wajue jambo moja zaidi. Serikali ilipotengeneza upya utaratibu huu, ilichagua halmashauri 10 katika nchi nzima zijaribu kukopesha kwa njia ya benki, na Halmashauri ya Mji wa Mbulu ilikuwa miongoni mwa hizo 10. Kwa hiyo mtu wa mjini asistaajabu akiona kwamba njia aliyoelezwa na ndugu yake wa Dongobesh au wa Katesh haifanani na ya kwake. Aulize katika ofisi ya kata yake mwenyewe.

Wengine husema, "Mambo haya ni marefu, afadhali kukopa kwa mtu binafsi, ambaye hutoa fedha siku ile ile." Tufanye hesabu tena. Tuseme kikundi cha wanawake 5 kinataka kulima vitunguu saumu, nacho kinahitaji shilingi 5,000,000 za mbegu, mbolea na vibarua. Tuseme mkopeshaji wa mtaani anadai riba ya shilingi 20 kwa kila 100 kwa mwezi. Mwezi mmoja riba ni shilingi 1,000,000. Vitunguu havikomai kwa mwezi mmoja. Hukaa shambani miezi kadhaa. Ikipita miezi 5, riba peke yake imekuwa shilingi 5,000,000, sawa na deni lenyewe, na deni bado liko pale pale. Si ajabu watu wameiita mikopo hiyo "kausha damu." Ucheleweshaji wa wiki kadhaa katika ofisi za halmashauri waudhi kweli, lakini haukaushi damu.

Hapa kuna shauri moja kwa wakulima. Katika andiko lenu elezeni wazi mtapanda mwezi gani na mtavuna mwezi gani, ili mpango wa malipo ulingane na shamba. Auzaye chai aweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Mkulima wa vitunguu hawezi kulipa kabla ya mavuno, isipokuwa kwa kukopa mahali pengine, na huko ndiko kuangamia.

Sasa twafika penye uchungu. Mwezi wa Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii katika nchi nzima. Sababu yake ilikuwa wazi. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha kwamba fedha nyingi hazikurudishwa, na kwamba vikundi vingine havikuwako kabisa ila kwa majina katika karatasi. Mikopo haikuanza tena mpaka mwaka wa fedha ulioanza Julai 2024, kwa kanuni mpya.

Kumbukeni yaliyotokea kati ya tarehe hizo mbili. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang' yakaupiga mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba, maduka na mali za wafanyabiashara wadogo zilizikwa katika tope. Serikali na watu wema kutoka kila upande walileta chakula, nguo na dawa, na nyumba zikajengwa kwa ajili ya waliopoteza makao. Kwa hayo twashukuru. Lakini unga na blanketi si mtaji. Mama aliyepoteza meza yake ya nyanya, au kijana aliyepoteza cherehani yake, alihitaji fedha za kuanzia upya, zisizo na riba. Saa hiyo hiyo mlango wa mikopo ya halmashauri ulikuwa umefungwa, nao ulifungwa kwa ajili ya matendo ya watu ambao wengi wao hawakupata hata kuiona Katesh. Walimla ng'ombe, na mwenye njaa alipofika zizini alilikuta tupu.

Kwa hiyo twasema kwamba kurudisha mkopo si jambo la kuiogopa Serikali tu. Fedha inayorudi hukopeshwa kikundi kingine. Wazee wetu walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga," nao walisema kweli, lakini walisema pia, "Dawa ya deni ni kulipa." Kikundi kinachoanza kwa nia ya kugawana fedha, kila mtu achukue 1,000,000 aende zake, si kikundi. Mmoja atanunua simu, wa pili atalipa mahari, wa tatu atafanya biashara kwa uaminifu, na huyo wa tatu ndiye atakayesumbuliwa kwa madeni ya wenzake, kwa kuwa mkataba umewafunga wote pamoja. Basi, kabla hamjaandika majina, kila mmoja ajiulize swali moja: Mtu huyu ningempa ng'ombe wangu amchunge? Kama jibu ni hapana, asiingie katika kikundi.

Nanyi wanafunzi mna kazi katika jambo hili. Vikundi vingi huharibika pasipo mwizi, kwa kukosa daftari tu. Chora mistari katika daftari, upate nafasi 4: tarehe, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, na baki. Mama yako akirudi sokoni jioni, keti naye dakika 10 uandike. Mwisho wa mwezi soma daftari hilo mbele ya kikundi kizima. Penye hesabu inayosomwa kwa sauti, shaka hazipati nafasi.

Tena kuna mlango wa pili ambao wachache wanaujua. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 yaagiza taasisi za umma, pamoja na halmashauri, zitenge sehemu 30 katika 100 za manunuzi yao kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri hununua vitu vingi: madawati ya shule, huduma ya usafi, chakula cha mikutano, ukarabati wa majengo. Seremala 5 wa Haydom wakiungana na kusajiliwa katika mfumo wa ununuzi wa Serikali, waweza kuomba kazi ya madawati ambayo pengine ingekwenda kwa mtu wa mji wa mbali. Hapo mkopo na kazi hukutana: mkopo hununua mbao, na kazi hulipa mkopo.

Mwisho, tusingoje habari zitufuate nyumbani. Sheria yataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi 3, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria na kuuliza. Mkutano ujao utakapoitwa, nendeni na maswali haya 3. Mwaka huu halmashauri yetu imetenga kiasi gani kwa mikopo? Vikundi vilivyokopa katika kata yetu ni vipi? Na vimerudisha kiasi gani mpaka leo? Maswali hayo si ya uadui. Mtu aliyekopesha ng'ombe hupita kwa jirani mara kwa mara kumtazama kama yu hai, kama amenona, kama amezaa. Na jirani mwaminifu hufurahi kumwonyesha.

Kwa herini.